Swali la Bi Mwantumu

Jumatatu, 7 Aprili

Kuta zinatoka jasho tena. Nimefuta ukuta wa kitandani kwa kanga kuukuu, kabla sijamaliza kukunja kanga umeloa upya. Nguo hazikauki wiki nzima. Guangzhou mwezi huu ni kuishi ndani ya sufuria lililofunikwa.

Nimefunga, sita ya Shawali. Asubuhi soko la Yide Lu kama kawaida, mzigo wa maduka mawili ya Tanga na moja la Korogwe. Mabegi ya shule, kalamu za risasi, rula, na vile vigari vya betri vinavyoimba mpaka kichwa kinauma. Laoban wa duka la mabegi, yule bosi mwanamke mwenye miwani ya kijani, kasema meiyou. Hakuna. Mabegi ya bluu meiyou. Na mimi nayaona kwa macho yangu yamepangwa nyuma yake! Hapa meiyou si hakuna, meiyou ni sitaki. Nimesimama pale pale nikimtazama mpaka kachoka mwenyewe. Kayatoa.

Kurudi stoo nimekuta sauti ya Mbaraka kwenye simu. Mdogo wangu huyu haandiki, anatuma voisi, na kila voisi huanza na salamu za ukoo mzima mpaka paka. Leo hakusalimu. Rufani ya yule imepangiwa siku. Alhamisi ya wiki ijayo.

Nimeweka simu chini nikaendelea kufunga mabunda. Bunda moja nimelifunga mara tatu. Nimejiambia ni saumu. Si saumu.

Jumatano, 9 Aprili

Yule ni mkwe wangu. Alimuua mwanangu Riziki, sebuleni kwao, mtoto wao akiwa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Alihukumiwa kunyongwa. Jina lake siliandiki humu wala silitamki. Nikibanwa sana nasema yule.

Hapa mtaani Xiaobei wote wananiita Mama Riziki. Wachina nao, Mama Liziki. Wengi wanadhani ni jina la biashara, mama wa riziki, mama wa neema. Watu wa kargo hunitania kila nikipita: Mama Riziki, tugawie na sisi! Huwa nawajibu. Nina majibu mengi, baadhi yake hayaandikiki. Leo wameniita nikapita kimya, nikawasikia wanaulizana nimekasirishwa na nani.

Mtoto wao ni Zainabu. Alikuwa na miaka sita. Sasa anakaribia kumi na minne, anakaa Tanga kwa Mbaraka na mkewe, na kwenye picha ya Idi amenipita urefu. Kaniagiza begi la shule. Lisiwe la waridi, Bibi, mimi si mtoto.

Nimemchagulia la bluu. Ndiyo maana nilimganda laoban juzi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimetoka kuswali, mvua kuanzia msikitini hadi mlangoni. Mama Béatrice hayupo, kaenda kupakia vitenge vyake. Ni Mkongo wa Lubumbashi, tunakaa naye chumba kimoja mwaka wa tatu huu. Yeye na kanisa lake, mimi na msala wangu. Hatujagombana ila kwa ajili ya samaki wake mkavu.

Nyumba iko kimya. Kesi imenirudia yote.

Jaji hakukaa peke yake siku zile. Walikaa naye wazee wa baraza watatu, raia tu kama mimi, kusikiliza mwanzo hadi mwisho na kumpa jaji maoni yao. Wawili wanaume. Mmoja wao alisinzia hadharani, Mungu amsamehe. Wa tatu Bi Mwantumu, mkunga mstaafu, ushungi mweupe, fimbo ameiegemeza kwenye meza.

Yule alijitetea vizuri. Alisema walisukumana, Riziki kateleza, kichwa kikapiga pembe ya meza. Alisema alichanganyikiwa, akamtuma mtoto mbio kwa jirani kuita msaada. Wakili wake akalishika hilo, hakuliachia. Mtu aliyekusudia kuua atatuma mtu kuita msaada? Nilimwona jaji anaandika. Nilihisi mwanangu anauawa mara ya pili, wallahi.

Na jirani, Mama Hadija, alikuwa ameshasema kweli mtoto alimjia anahema, mama kaanguka, mama kaanguka. Kwa hiyo ilikaa sawa.

Ndipo Bi Mwantumu akaomba kuuliza. Alimwita yule kwa neno la wazee, mwanangu.

"Mwanangu, pikipiki yako ilikuwa wapi?" Mlangoni. "Na simu yako?" Mfukoni. "Sasa ikawaje utume mtoto wa miaka sita, kwa miguu, jua limeshatua?" Akamtazama wakili wake. "Ulimtuma kweli?" Kimya. Bi Mwantumu akamtazama, akasema, "Basi mwanangu, unatudanganya sisi watu wazima."

Ukumbi wote ukaguna. Jaji hakumzuia. Mimi nililia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, maana lilikuwa swali langu. Miaka mitatu nilikuwa nalo kooni na hakuna aliyeniruhusu kuliuliza. Yule mama mgeni alinitolea.

Jaji aliposoma hukumu alilitaja. Mshtakiwa alishindwa kujibu swali la mzee wa baraza.

Nimefungua kwa tende na maji. Chakula kimekataa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mbaraka kaenda kuonana na wakili wa Serikali. Voisi nne ndefu. Nimezisikiliza kwenye ngazi za stoo, simu sikio moja, kidole sikio la pili kwa ajili ya vigari.

Sababu ya rufani ni moja tu kubwa. Bi Mwantumu.

Wakili kamweleza hivi. Mzee wa baraza anaruhusiwa kuuliza ili aelewe. Haruhusiwi kudodosa. Kudodosa ni kazi ya wakili wa upande wa pili, kumbana shahidi mpaka apasuke. Mzee wa baraza akimdodosa mshtakiwa ameshachukua upande, na akishachukua upande maoni yake si maoni tena. Na kumwambia mtu mzima mbele ya jaji kwamba anadanganya, hilo halina jina jingine. Jaji mwenyewe kwenye kumbukumbu zake kaandika juu ya maswali yale: dodoso la mzee wa baraza wa tatu. Kwa mkono wake!

Majaji watatu wa rufani wana njia tatu. Waone halikuharibu kitu, hukumu ibaki. Waone limeharibu, kesi ianze upya. Ama waone limeharibu na ushahidi uliobaki ni mwepesi, aende zake.

Aende zake. Mbaraka alilisema haraka haraka, kama mtu anayepita makaburini.

Sasa mimi nauliza, na humu nitauliza nipendavyo. Umemtoa mtu nyumbani kwake ukamwita mzee wa baraza. Baraza! Kwetu mzee wa baraza kazi yake nini? Wanandoa wakigombana, mirathi ikikwama, mzee anakaa, anauliza, anauliza tena, anakukaripia, anakuita mwanangu na kukwambia unadanganya, mpaka kieleweke. Halafu unamkalisha pale unamwambia hapa usiulize mpaka kieleweke, uliza kidogo. Baraza gani hilo?

Nimekasirika mpaka nimehesabu rula vibaya.

Jumatano, 16 Aprili

Kuna jambo sitaki kuliandika. Wakili wa yule ana hoja.

Kama ningekuwa mama wa yule, na mzee yule angemwambia mwanangu wewe mwongo kabla kesi haijaisha, ningekubali?

Nisingekubali. Ningevua viatu niingie barabarani.

Basi. Nimeliandika.

Alhamisi, 17 Aprili

Saa tatu ya kwetu ni saa nane huku. Nimerudi chumbani mapema. VPN imekatika mara mbili, nikaitukana kwa Kiswahili na kwa Kichina kidogo nilicho nacho. Mbaraka alikuwa ndani, simu imezimwa. Nimefua kanga. Nimefuta ukuta. Nimefua tena kanga ile ile.

Saa kumi na mbili kasoro akapiga. Sauti ndogo.

Wakili wa yule kasema aliyoyasema. Kisha akasimama wakili wetu, wa Serikali, yule yule aliyemweleza Mbaraka kila kitu kwa upole. Akasema waheshimiwa majaji, kwa hoja hii tunaunga mkono rufani. Mzee wa baraza alidodosa. Hatuwezi kulitetea.

Wetu! Wa upande wetu mwenyewe!

Kaomba lakini kesi ianze upya, asiachiwe. Majaji wamekwenda kuandika uamuzi. Mbaraka anasema yule alikuwa amekaa na wafungwa wenzake, amenenepa, ana ndevu. Nikamwambia sikukuuliza ana nini.

Bi Mwantumu naye alikuwepo. Hakuitwa na mtu, kaja mwenyewe na fimbo yake, kakaa nyuma. Alilisikia jina lake likisomwa mara nyingi. Wakati wa kutoka Mbaraka kampita bila salamu. Nimemgombeza kwa hilo. Kakata simu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu ya kina Mama Béatrice. Kavaa nyeusi tangu asubuhi. Alinikuta nimekaa chini kati ya kitanda na ukuta, nimeloa mgongo.

Akakaa chini na yeye, na gauni lake zuri. "Yaya," kwao ndiyo dada mkubwa, "ile ni procédure tu, utaratibu. Hawakusema ule muntu ni innocent."

Nikamwambia najua. Akasema basi lia, leo ni siku ya kulia hata kwetu. Tukalia wote, kila mtu na wake. Yeye ana kaka alipotea migodini, huwa hamtaji.

Kisha kaenda kanisani nami nikaenda Jumaa. Njiani nimenunua tende, sikumbuki za nini, sita nimeshamaliza.

Jumanne, 22 Aprili

Hakuna habari.

Laoban wa miwani kanipa mabegi yenye zipu mbovu ndani ya bunda. Nimemrudishia. Nikamuuliza kwa Kichina changu cha sokoni yametoka kiwanda gani, nani kayakagua, kwa nini la juu ni zima na ya chini yote mabovu, kwa nini bunda limefungwa upya kwa gundi mpya. Moja baada ya jingine, sikumpa nafasi ya kumeza mate. Alichonijibu ni meiyou, meiyou, mpaka macho yakamjaa maji. Kumbe anauguliwa na mama yake, mzigo ule alifunga mwingine.

Nimeomba radhi. Nimetoka pale nimetahayari. Nimedodosa mtu.

Kanikimbilia nje na kalamu nene ya wino usiofutika, bure, ya kuandikia mabunda. Nimeipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 30 Aprili

Uamuzi umetoka.

Mwenendo wote wa kesi umefutwa. Hukumu imetupwa. Kesi irudiwe kuanzia mwanzo, mbele ya jaji mwingine. Yule abaki rumande.

Mwenendo wote. Neno la daktari, neno la Mama Hadija, neno langu mimi. Nilisimama pale kutwa nzima nikiwaeleza rangi ya dera alilovaa mwanangu. Imefutwa. Kisheria sijasema kitu.

Sikuomba anyongwe. Mungu ananijua. Niliomba aulizwe tu, na ajibu. Sasa hata kule kuulizwa kwake hakupo.

Ijumaa, 2 Mei

Sikukuu ya Wachina ya wafanyakazi, nusu ya Yide Lu imefungwa. Barabara ya Huanshi Zhonglu imejaa watu wanaotembea tu bila mzigo. Nimetembea nao.

Nilisahau kuandika jambo, ama sikulisahau. Mama Hadija alifariki mwaka jana. Sukari. Jirani ndiye aliyefika wa kwanza na kuona, ndiye aliyekuwa nguzo yetu, na nguzo iko udongoni. Karatasi za kesi ya kwanza zimefutwa na neno lake limo humo.

Wakili wa Serikali kamwambia Mbaraka waziwazi. Daktari peke yake hatoshi. Yule atasema tena aliteleza, nilimtuma mtoto kuita msaada, na safari hii hakuna wa kumpinga. Na wazee wa baraza huenda wasiwepo, sheria imebadilika, jaji akitaka anakaa peke yake. Kwa hiyo kesi inaweza kufa.

Labda, kasema, asimame Zainabu.

Nimesema ng'o. Nimepiga kelele barabarani, Wachina wakageuka. Mara ya kwanza polisi walimtaka, mimi ndiye niliyeweka mguu mlangoni. Mtoto wa miaka sita asiulizwe juu ya mama yake! Akalia, akanyamaza, akakua. Hatujawahi kuligusa. Nyumba nzima tumelizunguka miaka yote hii. Anasoma, anacheka, anachagua begi. Leo nimpeleke akasimame mbele ya baba yake, wakili amdodose? Maana wakili anaruhusiwa. Wakili ndiye mwenye kazi hiyo.

Mbaraka anasema bila yeye yule anatoka. Anarudi Tanga. Atamtaka mwanawe, ni haki yake.

Nimekata simu.

Jumamosi, 3 Mei

Tumefanya baraza la ukoo kwenye simu. Mbaraka, mkewe, shangazi Mwanajuma, mimi. Kila mtu kaongea, hakuna aliyesikia. Shangazi anasema mtoto atavunjika. Mke wa Mbaraka anasema keshavunjika, nyie hamlali naye nyumba moja, hamumsikii. Mbaraka analia. Mimi nimetukana. VPN imekatika katikati ya tusi.

Hatukuamua kitu.

Jumapili, 4 Mei

Voisi ya Zainabu. Imekuja asubuhi, nikidhani ananikumbusha begi. Naiandika kama alivyosema, maana nimeisikiliza mpaka ninaijua.

"Shikamoo Bibi. Jana niliwasikia. Mlikuwa mnabishana kama nitaweza kusema. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitasema nini.

"Baba hakunituma. Alifunga mlango wa mbele, ufunguo akatia mfukoni, akakaa kwenye kochi. Mama alikuwa bado anahema. Mimi nilipanda ndoo nikapita dirisha la msalani. Nilikwenda mwenyewe. Tuliporudi na Mama Hadija mlango ulikuwa wazi.

"Nilidhani mnajua."

Jumatatu, 5 Mei

Ulimtuma kweli? Bi Mwantumu aliuliza mbele ya watu wote. Jibu lilikuwa nyumbani kwetu, linasoma darasa la tatu, na mimi nimeweka mguu mlangoni ili lisiulizwe.

Bado anahema. Alikuwa bado anahema.

Sikwenda sokoni. Mama Béatrice kanipikia uji, kanilisha. Hakuuliza. Samaki wake kamhamishia dirisha lingine.

Jumanne, 6 Mei

Nimempigia Zainabu. Nilijiandaa maneno mengi, yote yakakimbia. Nikamuuliza tu, unataka kusema? Akasema ndiyo. Akasema anaogopa kumwona. Akasema lakini ndiyo. Akaniuliza nitakuwepo.

Nitakuwepo. Viza yangu ikiisha huku sijui kama nitaipata nyingine, na wenye maduka wana mawakala wengine wa kuwatafuta. Potelea mbali.

Mbaraka kamwarifu wakili wa Serikali. Kajibu kwa ukali kidogo. Tusizungumze naye tena habari ya siku ile. Tusimfundishe neno. Tusimweleze mtu yeyote atakachosema, wakili wa yule akijua tumemkalisha mtoto tukamsomesha, hili nalo litaharibika. Nimeelewa. Nimejifunza sasa, neno zuri likisemwa mahali pasipo pake linafungua gereza.

Jambo moja linanila. Yule hakumtuma mtoto. Alisema uongo hadi kesi nzima ikafutwa, na kumbe hakumtuma. Sisi ndio tunaomtuma.

Jumatano, 7 Mei

Nimempigia Bi Mwantumu. Namba kanipa mke wa Mbaraka kwa siri.

Kazeeka sauti. Hatoki siku hizi, hata maulidi hendi. Watu wa mtaani wanasema ndiye aliyemfungulia muuaji. Kabla sijamaliza salamu akaanza kuniomba msamaha. Alisema maisha yake yote kazi ilikuwa kuuliza. "Mkunga asipouliza mpaka aambiwe kweli, mama, mtu anakufa. Nikasahau pale si leba."

Nilimwambia sina kinyongo. Nilimwambia siku ile ndiyo siku pekee niliyopumua. Akalia kimyakimya, wale wazee wa kwetu wanaolia bila kubadilisha sauti.

Kisha akauliza. Hakuweza kujizuia, masikini. "Hivi alimtuma kweli yule mtoto?"

Nilikuwa nalo jibu mdomoni. Nilikuwa nalo lote, ndoo, dirisha, ufunguo. Mtu mmoja duniani aliyestahili kuambiwa. Nikasema, Bi Mwantumu, tumwachie Mungu.

Akasema haya mwanangu. Akaniombea safari njema.

Alhamisi, 8 Mei

Ndege ni kesho. Metro mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun, Mama Béatrice atanisindikiza, kakataa kusikia la mtu.

Mzigo wa Korogwe nimemkabidhi mwenzangu wa Unguja. Nimemuaga laoban. Mama yake ana nafuu. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba nasafiri, sijui nitarudi lini, akadhani namwomba bei. Meiyou, kasema, anacheka. Nami nikacheka.

Kuta zimekauka. Jua limetoka kweli kweli.

Begi la Zainabu liko juu ya kitanda. Bluu. Zipu nimeipima. Ndani ya kifuniko kuna kitambaa cheupe cha kuandika jina. Kaniambia shuleni yanaibwa, Bibi, niandikie jina lote, na wino wa kutofutika. Nikamwambia Zainabu linatosha. Akasema wako watatu darasani. Akasema hata mahakamani wataniita jina lote, si ndiyo?

Ndiyo.

Nimekaa na kalamu ya laoban mbele ya jina la baba yake mpaka kahawa imepoa. Kisha nimeandika, herufi kubwa.

ZAINABU ATHUMANI.